Maji ya Nyumba ya Juu

Kaeni, ndugu zangu. Na ninyi wa karibu na mlango sogeeni ndani, maana mvua ikianza mtasogea tu, na mkisogea nikiwa katikati ya maneno mtanipotezea watu. Nawajua. Najua pia yupo aliyeacha mahindi yameanikwa nyumbani, na tangu somo la kwanza anatazama dirishani. Mahindi yako yana watu wa kuyaanua. Nipe masikio yako kidogo.

Leo nataka tuseme juu ya sala. Lakini nitaanzia juu ya paa.

Palikuwa na mtu mmoja ambaye nyumba yake ilikaa kwenye mteremko. Jina siwapi, kwa sababu nikiwapa jina mtatoka hapa mkaanze kumtafuta mtaani, na mimi nataka mumtafute karibu zaidi ya hapo. Mtu huyu alikuwa mtu mzuri. Lishikeni hilo tangu sasa, maana mkianza kumchukia mapema, mfano wangu utakuwa umekufa kabla haujatembea. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yake ndogo ndogo, zile familia chache za jirani zinazokutana kila Jumatano jioni kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kama tunavyofanya sisi. Mgonjwa alitembelewa. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kuulizia turubai.

Chini ya nyumba yake, kwenye mteremko ule ule, alikaa mjane mmoja na mama yake mzazi. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi, zile za udongo zisizochomwa. Mbele ilipigwa lipu ya saruji ili ipendeze machoni pa watu, na nyuma, upande unaotazama mlimani, ilikandikwa udongo tu. Chumba cha nyuma ndicho alicholala yule bibi. Miguu yake ilikuwa imekwisha kumkataa, kwa hiyo mchana na usiku alikuwa pale, kitanda kimesogezwa ukutani ili apate cha kushikilia anapotaka kujigeuza.

Mume wa mjane alipofariki, ni mwenyekiti aliyesimamia kila kitu. Alifuata jeneza, akapanga vijana wa kuchimba kaburi, akalala turubaini na wanaume wengine mpaka siku ya kuanua matanga. Mjane hakuwahi kulisahau jambo hilo. Nanyi msilisahau, kwa sababu litarudi.

Sasa, nyumba ya mwenyekiti ilikuwa na shida moja. Haikuwa na gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa unaokusanya maji. Mvua ikinyesha, maji yalishuka pande zote, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kila bati likimwaga lake. Yalichimba msingi pole pole na kurusha tope ukutani mpaka usawa wa magoti. Kila baada ya masika mkewe alikuwa na kazi ya kusugua kuta, na kila mwaka alikuwa akisema, "Mume wangu, nyumba hii inaliwa na mvua."

Kiangazi kimoja mwenyekiti akaamua kuikarabati. Sebule ikapanuliwa mpaka ikamfaa mtu mwenye wageni. Dari likapigwa upya, sakafu ikawekwa vigae, kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Uwanja wa mbele, kuanzia barazani mpaka getini, ukatandikwa tofali za pevingi, nyekundu na kijivu, zimepangwa kwa umbo la maua. Watu walikuwa wakipita barabarani wanapunguza mwendo. Mwisho wa yote akaitwa fundi wa gata.

Fundi alipanda ngazi, akavuta uzi kutoka kona hadi kona ili gata ilale kidogo upande mmoja, kwa sababu gata isiyolala maji yake hayatembei. Akafunga vishikio kwenye mbao za ukingo wa paa, akaunga vipande, akaziba maungio. Maji ya nyumba nzima akayaleta kwenye kona moja ya nyuma, mahali ambapo angeshusha bomba. Alipofika hapo akateremka, akamfuata mwenye nyumba.

"Mzee, bomba hili maji yake tunayapeleka wapi?"

"Si yashuke hapo hapo nyuma."

"Hapo nyuma kuna nyumba ya watu, mzee."

"Kuna mteremko, fundi. Maji yanajijua."

Fundi akakuna kichwa. Akasema ipo njia nyingine. Bomba lingeweza kuzungushwa mpaka mbele, lipite chini ya uwanja, likamwage kwenye mtaro wa barabara. "Ila itabidi tung'oe pevingi, kuanzia hapa barazani mpaka kule getini."

Mwenyekiti akautazama uwanja wake. Maua yale. Tofali hazijakanyagwa hata na mvua moja. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni mwa jiko, akasema, "Basi si tuweke tanki tuyakinge?"

"Tanki litaziba dirisha la chumba cha wageni," akajibu mwenyekiti. Kisha akamgeukia fundi, kwa upole kabisa, maana hakuwa mtu wa kugombana. "Fundi, wewe nitolee maji kwenye nyumba yangu. Yakishatoka hapa, kazi yako imekwisha."

Na fundi ni fundi, kesho ana paa lingine. Akakata bomba, akalishusha kwenye kona ya nyuma, mdomo wake akaugeuzia bondeni, akabeba ngazi yake akaondoka.

Nawauliza. Mtu huyu alimchukia mjane? Hata kidogo. Alimtakia mabaya? Angeshangaa ukimwuliza. Alikuwa na nafasi ya kumfikiria, nafasi yenyewe ilisimama mbele yake na kumwuliza kwa mdomo wa fundi, naye akatazama maua. Hilo tu. Ndugu zangu, madhara mengi ya dunia hii yametengenezwa na watu wasio na chuki, waliokuwa wanatazama maua yao.

Masika yakaja. Mvua ya kwanza, mwenyekiti alikaa sebuleni akaisikiliza, akaona nyumba imetulia kuliko alivyowahi kuijua. Zile kelele za maji kuanguka madirishani hazipo. Ilipokatika akatoka nje na mkewe, wakazunguka nyumba, wakakuta ukuta mkavu, rangi ya maziwa haina doa. Mke akacheka kwa furaha. Mume akasema, "Mungu ni mwema." Na ni kweli, Mungu ni mwema, lakini siku hiyo hakuwa amehusika na lile bomba.

Kwa maana mvua haikuongezeka, nataka mnielewe. Maji yalikuwa yale yale ya miaka yote. Zamani yalishuka kidogo huku na kidogo kule, na ardhi ya mteremko ikayanywa. Sasa paa zima lilikuwa linamwaga mahali pamoja, kwa nguvu, na mahali hapo palielekea ukuta wa udongo wa chumba cha bibi.

Jioni ile bibi alimwita binti yake. "Mwanangu, hii mvua ya wapi? Juu ya bati pameshakuwa kimya, lakini hapa ukutani inanyesha."

Mjane akatoka nje, akazunguka nyuma, akainua macho. Akaliona bomba. Akarudi ndani akamwambia mama yake, "Itakatika, mama."

Sasa mtaniuliza, kwa nini hakupanda siku ile ile akasema? Alipanda. Kesho yake alijifunga kitenge chake kizuri, akapanda kilimani, akabisha hodi. Mwenyekiti mwenyewe alimfungulia, akamkaribisha sebuleni, akamketisha kwenye kochi jipya, chai ikaletwa. Mjane akakishika kikombe. Mbele yake amekaa mtu aliyemzikia mume wake. Angeanzaje? Angesemaje, baba uliyenisitiri, unanizamisha? Basi akafanya kama tunavyofanya sisi sote, akaanza kwa mbali ili mwenzake amalizie.

"Mwenyekiti, mvua za mwaka huu ni nyingi."

"Nyingi mno, mama. Ni baraka. Tumshukuru Mungu."

"Zinashuka kwa nguvu."

"Mahindi yatapona mwaka huu."

Mjane akanywa chai yake, akashukuru, akateremka.

Hapa lazima niseme jambo lingine, na hili halimhusu mwenyekiti peke yake. Kabla ya ukarabati, jumuiya ile ilikuwa inazunguka nyumba kwa nyumba. Jumatano hii wamejibana kwenye vigoda vya huyu, Jumatano ile wako kwenye mkeka wa yule. Lakini sebule mpya ilipofunguliwa, wakasali pale mara ya kwanza, wakakaa wameegemea, wakanywa chai ya tangawizi na chapati za moto, na mmoja wao akasema, "Jamani, kwa nini tusiwe tunasali hapa hapa? Kwangu mimi mnaumia migongo." Wakacheka, wakakubaliana. Mwenyekiti alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Akasema, "Nyumba ni yenu."

Tangu siku hiyo hawakuzunguka tena. Mnadhani kule kuzunguka kuliwekwa kwa ajili ya nini? Kwamba Mungu anachoka kukaa nyumba moja? Kuliwekwa ili nikae kwenye kigoda chako, nione dari lako, nisikie kikohozi cha mtoto wako, nijue kama jikoni kwako leo kumewaka moto. Usipoingia kwa mtu hujui kinachoendelea kwake, hata ukimwombea kila siku. Masika yale wiki zikapita bila mwanajumuiya hata mmoja kuingia nyumbani kwa mjane.

Lakini mjane alipanda kila Jumatano. Alikaa mwisho wa kochi, karibu na mlango. Na ulipofika wakati wa kila mtu kutoa nia yake ya maombi, naye alitoa yake.

Jumatano ya kwanza alisema, "Naomba tuombee maji yanayoingia chumbani kwa mama."

Nao wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Jumatano iliyofuata akasema, "Naomba tuendelee kuombea yale maji. Yanashuka kutoka juu, na mama hana pa kukimbilia."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Wiki nyingine akasema, "Naomba tuuombee ukuta."  Wanawake wawili waliokaa karibu naye wakatazamana, kwa sababu wao nyumba zao ziko upande ule, bomba wameliona. Lakini nani aseme? Umekaa kwenye kochi la mtu, umeshika chapati ya mtu, utamwambia nini? Wakainamisha vichwa wakaitikia. Na mwenyekiti, kwa kuwa ndiye kiongozi, na kwa kuwa alimhurumia mjane kwelikweli, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mpaka siku moja baada ya sala alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Vumilia, mama. Mungu anasikia."

Basi masika yakiwa yamekolea, mjane akaleta ombi la namna nyingine. Akasema mama yake hawezi kupanda kilimani, na ni muda mrefu hajasikia watu wakisali pamoja. Anaomba Jumatano ijayo jumuiya imfuate kitandani kwake. Nani angekataa ombi la mgonjwa? Mwenyekiti akasema wataenda wote.

Wakaenda, jioni, jua likiwa bado lipo nyuma ya mawingu. Wakawekewa mabenchi ya kuazima. Wengine walijaa chumba cha mbele, wengine mlangoni, na mwenyekiti, kwa heshima yake, akapewa kiti kule ndani kabisa, kando ya kitanda, mgongo wake karibu na ukuta. Bibi alikuwa amefungwa kilemba kipya. Alifurahi hata machozi yakamtoka. Mwenyekiti alisikia harufu ya udongo uliolowa, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi alidhani inatoka nje.

Wakaanza rozari. Mvua ikaanza nayo. Yenyewe haikuwa mvua kubwa, ilikuwa ya kawaida, ile ambayo mwanamke hatoi hata sufuria nje. Wakaendelea kusali. Na baada ya muda kidogo, nyuma ya ukuta, maji yakaanza kupiga. Yalipiga mahali pamoja, bila kupumzika, kama mtu anayemimina pipa lisilokwisha.

Mwenyekiti akanyamaza katikati ya Salamu Maria. Akageuka.

"Mama, hayo maji ni ya wapi?"

 Jumuiya nzima ikatazama rozari zake. Mjane akamtazama yeye.

Akanyoosha mkono akaugusa ukuta. Ulikuwa wa baridi, na vidole vyake havikusimama pale juu. Viliingia. Akavitoa, akaona tope, na ukuta ukatoa sauti ndogo ya kukohoa. Akasimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Mwinueni bibi. Mwinueni na godoro lake."

Wanaume wakashika godoro kwenye pembe, wakamtoa bibi akiwa bado na rozari mkononi, wakipishana na mabenchi. Walikuwa hawajamaliza kuvuka mlango wa mbele ukuta ulipokuja ndani. Haukuanguka kwa kishindo. Ulilala juu ya kitanda pole pole, ukakifunika chote, ukuta ule ule ambao bibi aliushikilia alipotaka kujigeuza.

Na mahali ukuta ulipokuwa, pakawa wazi. Mwenyekiti, akiwa bado chumba cha mbele, akaona nje. Akaona kilima. Akaiona nyumba yake, yeye ambaye hakuwahi kuitazama kutoka pale tangu aikarabati. Rangi ya maziwa, haina doa. Kwenye kona yake ya nyuma, bomba jeupe, na mdomo wa bomba ukimtazama yeye, ukimwaga.

 Akamgeukia mjane. 

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mjane alikuwa anamfunika mama yake khanga. Hakukasirika. Naamini angekasirika ingekuwa nafuu.

"Nilikuambia, Mwenyekiti. Kila Jumatano nilikuambia. Wewe ndiye uliyekuwa unaitikia."

Ndugu zangu, ningeweza kuishia hapo.

Lakini kuna mambo mawili madogo nataka mwondoke nayo. Jioni ile bibi alibebwa akapelekwa juu, akalazwa kwenye chumba cha wageni, kile ambacho dirisha lake halikuzibwa na tanki. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Bibi akalala chali, akasikiliza, akasikiliza tena. Kisha akamwambia mwenye nyumba, naye alisema kwa moyo mweupe, akimsifia, "Mwanangu, nyumba yako nzuri. Humu ndani mvua haisikiki."

 Na asubuhi, watu wakienda shughulini, walimwona mwenyekiti kwenye uwanja wake amepiga magoti, mtaimbo mkononi, anang'oa pevingi moja moja kuanzia barazani. Nyekundu huku, kijivu huku. Mkewe alikuwa anabeba udongo kwa karai, na wale wanawake wawili waliokuwa wamekaa karibu na mjane wamekuja na majembe yao. Mchana wanaume wakateremka na tofali za kuchoma kuujenga ukuta upya.

Sasa turudi kwetu, maana mfano huu sikuuleta ili tumcheke mtu wa mlimani.

Sisi nasi tuna paa. Kila mmoja ana mambo yanayomnyeshea, na si dhambi kuyaondoa mlangoni kwako. Mtu aweke gata, nani atamkataza? Swali ni lile la fundi. Yanakwenda wapi? Mmekaa kikao cha familia, kaka wote, mkaona mama amezeeka, hawezi tena kukaa peke yake. Mkasema, dada yetu hajaolewa, ana nafasi, mama akae kwake. Mkapeana mikono. Mambo yamekaa sawa. Kwako ni pakavu, unalala, unaamka, unakwenda kazini. Umewahi kulala kwa dada yako usiku mmoja, ukasikia mara ngapi anaitwa? Yeye hatakwambia. Atakwambia kwenye simu, "Mama hajambo, ila siku hizi halali vizuri." Wewe utajibu, "Tunamwombea." Ameanzia mbali, dada yako. Alikuachia wewe umalizie.

Na wewe uliyemwachisha kazi binti wa nyumbani kwako siku alipoanza kuugua, ukamlipia nauli, ukamtakia heri. Alishukia kwa nani? Kuna mlango mahali fulani uliopokea ulichokitoa mlangoni kwako. Mimi simjui mwenye mlango huo. Wewe unaweza kumjua.

Tunapenda kusema Mungu amechelewa kujibu. Mjane yule aliomba, Jumatano baada ya Jumatano, na ukuta ukaanguka. Je, Mungu hakusikia? Mimi nawaambieni alisikia Jumatano ya kwanza. Alilichukua ombi la mjane jioni ile ile, akalipeleka moja kwa moja mpaka penye jibu. Alilifikisha kwenye kochi, kwenye masikio ya mtu pekee duniani aliyekuwa na uwezo wa kugeuza bomba lile. Hakukuwa na mahali pengine pa kulipeleka. Na mtu huyo akafumba macho, akalirudisha juu kwa sauti nzuri.

Hilo ndilo linaloniumiza, na nasema kwa uchungu. Tumeifanya sala kuwa bomba la nyuma ya nyumba. Mtu analeta mzigo wake mbele yetu, unatugusa kidogo, hatutaki ukae kwetu, basi tunausukumia mbinguni haraka ili tuendelee na chai. Na tunajiona wema. Tumemwombea, tufanye nini tena? Lakini kuna maombi ambayo Mungu akiyapokea anatazama chini, anamtafuta mtu, na mtu huyo ameinamisha kichwa anaitikia.

Sasa hivi tutasimama. Tutasali Nasadiki, kisha utafika wakati wa maombi ya waamini. Nimewaambia wasomaji leo wasije na karatasi. Mwenye ombi ataliomba mwenyewe, kwa mdomo wake, kutoka pale alipokaa. Akimaliza, nawasihi, msikimbilie kuitikia. Nyamazeni kidogo. Mgeukieni, mmtazame usoni, kila mtu ajiulize nyumba ya huyu iko upande gani wa nyumba yangu. Na wewe utakayegundua iko chini yako, sitakulaumu ukishindwa kuitikia. Toka tu taratibu, uende nyumbani ukaangalie bomba lako linamwaga wapi. Misa yako itakuwa huko.

Tusimame.